Tathmini ya kisaikolojia katika kesi ya uhamiaji Marekani: mwongozo kamili kwa wasemaji wa Kiswahili

Mwanamke anasimulia kwamba wanaume waliuvunja mlango wake "saa nane usiku". Mkalimani, kwa haraka, anaiacha nane ibaki nane. Mwanasaikolojia anaandika saa nane ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa mbili ya usiku, watu bado wanakula. Kwenye maelezo ya ombi lake la hifadhi, wakili alishaandika saa mbili ya Kizungu, usiku wa manane. Miezi kadhaa baadaye, wakili wa serikali anasimama mbele ya jaji na karatasi mbili mkononi, anauliza: ipi kati ya hizi ni kweli?

Mama huyo hakudanganya hata neno moja. Mimi ni mkalimani, nimekaa katika vyumba vya namna hii muda mrefu, na nimeona jinsi kisa cha kweli kinavyoweza kuyumba kwa sababu ya saa, kwa sababu ya neno "bibi", kwa sababu ya adabu zetu za kusema "sijambo" hata pale ambapo mambo yamevunjika. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Hauchukui nafasi ya wakili wako, lakini utakusaidia kuingia katika chumba hicho ukijua unachokwenda kufanya.

Kwanza, tathmini hii ni nini

Ni mahojiano marefu kati yako na mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni, na matokeo yake ni ripoti ya maandishi inayowekwa kwenye faili lako la USCIS (idara ya serikali inayoshughulikia maombi ya uhamiaji) au la mahakama ya uhamiaji. Mtaalamu anasikiliza yaliyokupata, anapima hali yako ya sasa, kisha anaeleza kama dalili anazoziona zinaendana na kisa unachosimulia. Hakutibu siku hiyo, wala hatoi hukumu ya kesi.

Watu wengi huniuliza wakiwa mlangoni: "Akiniandika mgonjwa wa akili, si watanifukuza?" Hapana. Sheria ya Marekani inaweza kumzuia mtu kwa sababu za afya ya akili pale ambapo ugonjwa umeambatana na vitendo vya kuhatarisha mali au usalama wake au wa wengine. Kuambiwa una sonona, au una ugonjwa wa kiwewe ambao madaktari huuandika kwa herufi PTSD, hakutoshi kukuzuia. Kwetu neno "akili" likitajwa na daktari, familia nzima inafikiri mtu anaokota makopo barabarani. Liache wazo hilo nje. Kiwewe ni jeraha.

Je, inasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia waombaji hifadhi waliopimwa na madaktari wa mtandao wa Physicians for Human Rights kati ya mwaka 2000 na 2004. Asilimia 89 kati yao walipata hifadhi, wakati wastani wa nchi nzima kwa kipindi hicho ulikuwa asilimia 37.5. Usiichukue namba hiyo kama ahadi, kwa kuwa watu hao walikuwa na mawakili na kesi zao zilichujwa kabla. Lakini inaonyesha uzito ambao ripoti nzuri inaweza kuwa nao.

Hatua ya 1: Jua kesi yako inaulizwa swali gani

Hapa ndipo watu hupotea mapema kabisa. Jirani amepimwa, kesi yake ikapita, nawe unataka ripoti kama yake. Lakini kila kesi ina swali lake, na ripoti isiyojibu swali lenyewe ni karatasi tu.

Kwenye ombi la hifadhi, fomu I-589, ripoti huonyesha kwamba athari za mateso zinaonekana katika akili na mwili wako. Inaweza pia kueleza kwa nini unasahau tarehe au kwa nini unasimulia mambo bila machozi. Kuna na jambo la mwaka mmoja: sheria inataka uombe hifadhi ndani ya mwaka mmoja tangu uingie nchini. Ukichelewa, kuna hali za pekee zinazoweza kukubaliwa, na miongoni mwake ni ugonjwa mzito au ulemavu wa akili, pamoja na athari za mateso uliyopitia. Mtu aliyekaa ndani miezi kumi na minne akiogopa hata kugongewa mlango ana jambo la kumweleza mtaalamu. Hata hivyo, ni lazima awe aliomba ndani ya muda unaokubalika baada ya hali hiyo kupungua, kwa hiyo usiendelee kungoja.

Kwa walioteswa na mume, mke au mtoto aliye raia au mkazi wa kudumu wa Marekani kuna njia ya VAWA, yaani sheria ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, kupitia fomu I-360 (kwa mzazi, mtoto anayemtesa lazima awe raia). Jina la sheria linataja wanawake lakini wanaume pia wanaruhusiwa. Linalotafutwa hapo ni kipigo au ukatili wa kupindukia, na ukatili huo unaweza kuwa wa maneno na vitisho: kufichiwa pasipoti, kunyimwa simu, kuambiwa kila siku "nitawapigia uhamiaji wakuchukue". Jeraha la namna hiyo haliachi kovu la kupigwa picha, na ndiyo maana ripoti ya kisaikolojia ina uzito mkubwa katika kesi hizi. Wengi wetu tuliambiwa mambo ya ndoa yaishie kwa wazee. Kumwambia mtaalamu si kumwanika mwenzio, na sheria inawakataza maafisa kumpa mtesaji habari za ombi lako.

Viza ya U ni ya waliodhurika kwa uhalifu fulani ndani ya Marekani na wakasaidia polisi au waendesha mashtaka. Ripoti huonyesha ukubwa wa madhara ya mwili au akili. Viza ya T ni ya waliosafirishwa kwa ulaghai au nguvu wakatumikishwa. Dada aliyeletwa kufanya kazi za ndani, akanyang'anywa pasipoti na asilipwe, aulize habari za viza hiyo.

Kisha kuna kesi za taabu ya familia, na hapa nataka usome polepole. Ukiomba kusamehewa kosa la kukaa nchini bila kibali, kwa fomu I-601 au I-601A, taabu inayopimwa si yako. Ni ya mke, mume au mzazi wako aliye raia au mkazi wa kudumu. Kwa hiyo anayekwenda kukaa mbele ya mwanasaikolojia ni yeye, na mtaalamu atapima hali mbili: wewe ukiondolewa naye akabaki, na yeye akikufuata huko uendako. Watoto hawahesabiwi moja kwa moja katika fomu hizo, ingawa mzigo wa mtoto mgonjwa unaweza kuelezwa kwa jinsi unavyomwelemea mzazi anayebaki. Mbele ya jaji, katika ombi la kufutiwa hatua ya kuondolewa nchini kwa waliokaa miaka 10 au zaidi, mtoto aliye raia anahesabiwa, ila kiwango cha taabu kinachotakiwa ni kikubwa zaidi.

Kesi ya wazee ni tofauti. Wapo wazee wetu wa Kongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma nchini Kenya, wakaletwa Marekani kama wakimbizi, na sasa wanashindwa mtihani wa uraia kwa sababu kumbukumbu imekatika. Fomu N-648 humwondolea mtu sharti la Kiingereza, la historia na uraia, au yote mawili, endapo ulemavu wa mwili au akili unamzuia kujifunza. Hujazwa na daktari wa tiba au mwanasaikolojia wa kliniki mwenye leseni. Hali hiyo lazima iwe imedumu, au itarajiwe kudumu, miezi 12 au zaidi. Uzee peke yake hautoshi, wala kutosoma shule. Daktari akiandika tu "mzee hajui kusoma", fomu itarudi. Anatakiwa aeleze ugonjwa ni upi na unazuiaje ubongo kushika mambo mapya.

Hatua ya 2: Anza na wakili, si na daktari

Wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani kutoka shirika lisilo la faida, ndiye anayepaswa kuagiza tathmini. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, yeye ndiye atakayemwandikia mtaalamu swali la kisheria linalotakiwa kujibiwa. Ya pili, tathmini iliyoagizwa na wakili kwa ajili ya kesi kwa kawaida huwa chini ya ulinzi wa siri kati ya wakili na mteja wake, na ninyi wawili mnaamua kama iwasilishwe au la. Ukienda peke yako ukalipa, ukapata ripoti yenye makosa, umepoteza pesa, na pengine umetengeneza karatasi itakayokusumbua.

Mwambie wakili mapema mambo unayoogopa kumwambia daktari: kukamatwa, pombe unayokunywa ili upate usingizi, ugomvi wa nyumbani. Afadhali wakili ashtuke ofisini kwake kuliko kushtukia mbele ya jaji. Mjaza fomu wa mtaani, hata awe muumini mwenzako, hana mamlaka ya kukushauri juu ya haya.

Hatua ya 3: Mtafute mtaalamu anayeijua kazi hii

Mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kliniki, wote wanaweza kuandika ripoti kwa kesi nyingi (N-648 ina masharti yake niliyoyataja). Cha kuuliza: amewahi kuandika ripoti za uhamiaji? Anaujua Mwongozo wa Istanbul, ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2022, juu ya kuchunguza na kuandika athari za mateso? Yuko tayari kutoa ushahidi mahakamani, hata kwa simu au video?

Kwa mtaalamu binafsi gharama huanzia mamia kadhaa ya dola na mara nyingi huvuka elfu moja. Kabla hujakopa, mwombe wakili aulize kuhusu huduma za bure. Physicians for Human Rights huwaunganisha mawakili na madaktari wa kujitolea. Vyuo vya udaktari kadhaa vina kliniki za waomba hifadhi zinazoendeshwa na wanafunzi chini ya madaktari wao, kama ile ya Weill Cornell mjini New York. Vipo pia vituo vya walioteswa, kama Center for Victims of Torture kule Minnesota na mpango wa hospitali ya Bellevue, New York. Huko wakati mwingine foleni ni ndefu, kwa hiyo tafuta miezi kabla ya tarehe yako ya kusikilizwa.

Kimbia ukikutana na mtu anayekuhakikishia ushindi, anayekutajia ugonjwa wako kabla hajakuona, au anayemaliza kila kitu kwa dakika ishirini za simu. Maafisa na majaji wanasoma ripoti nyingi. Wanaitambua ile iliyobadilishwa jina tu.

Hatua ya 4: Mkalimani

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo ninapopajua.

Usimpeleke mtoto wako akutafsirie. Hata kama Kiingereza chake ni cha kunyoosha, hapaswi kutamka kwa kinywa chake mwenyewe kilichompata mama yake, nawe mbele yake utameza nusu ya kisa. Usimpeleke mume au mke, wala mtu wa kanisa au msikiti wenu, wala wa ukoo. Omba mkalimani wa kitaalamu asiyekujua. Una haki ya kuomba awe mwanamke au mwanamume, na vivyo hivyo kwa mtaalamu. Kama mlipotoka kabila la mtu, lafudhi yake au upande wake wa vita ni jambo la hatari, sema mapema. Hakuna atakayekuona mbaguzi.

Kisha sema Kiswahili chako ni cha wapi. Ofisini huandika neno "Swahili" tu, kana kwamba Lamu na Lubumbashi ni mtaa mmoja. Mtu wa Bukavu akisema "bibi yangu aliuawa", anamlilia mke wake. Mkalimani aliyekulia Tanga anaweza kusikia nyanya, mama wa mama. Mkongomani atasema "masasi" pale Mtanzania angesema "risasi", na atachanganya maneno ya Kifaransa ambayo mtu wa Mombasa hayajui. Kama lugha ya moyo wako ni Kinyamulenge, Kimashi, Kirundi au Kisomali, na Kiswahili ni cha sokoni tu, omba lugha ya moyo. Maumivu hayatoki vizuri kwa lugha ya sokoni.

Hata mkiwa mnatoka pwani moja, yapo maneno ya kuangalia. Saa nimeshaitaja: taja wakati pamoja na kitu kinachoonekana, "saa nane usiku, majogoo ya kwanza yalikuwa hayajawika". Wapo pia Wakongomani wanaohesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa, kwa hiyo mkalimani asikisie, aulize. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja au binamu wa mbali. "Baba mdogo" akiandikwa baba, ripoti itaonyesha baba yako ameuawa mara mbili. "Mkono" wetu unaanzia begani hadi vidoleni, "mguu" vilevile, nao Waingereza wana maneno mawili kwa kila kimoja, kwa hiyo onyesha kwa kidole kovu lilipo. "Alinipiga" hakusemi kama ni mwanamume au mwanamke. Na "juzi" yaweza kuwa siku mbili zilizopita au miezi mitatu.

Gumu kuliko yote ni maneno ya kusitiri. "Walinifanyia mambo mabaya." "Aliniharibu." "Walinidhalilisha." Kila Mswahili anajua kilichosemwa, lakini mkalimani mwaminifu hatakiwi kuongeza, naye daktari ataandika "mambo mabaya", basi. Kama ulibakwa, huna haja ya kusimulia kila kitendo, lakini neno lenyewe, au "niliingiliwa kwa nguvu", litamkwe walau mara moja. Wanaume waliofanyiwa hivyo vizuizini nao wanaruhusiwa kulitamka. Ukishindwa kabisa kusema, andika kwenye karatasi umpe. Mwambie wakili siku kadhaa kabla, ili lisitokee kwenye ripoti huku halimo kwenye maelezo yako ya kiapo.

Kabla ya kuanza, zungumzeni dakika mbili tatu juu ya mambo ya kawaida: umetoka wapi, umekula nini. Kama hamwelewani vizuri, sema hapo hapo. Kuahirisha ni bora kuliko ripoti yenye maneno ya mtu mwingine.

Hatua ya 5: Maandalizi ya nyumbani

Omba nakala ya maelezo yako ya kiapo na usomewe kwa Kiswahili. Hukariri. Mtu aliyekariri anasikika, na huchanganyikiwa akiulizwa kwa mpangilio tofauti. Unasomewa ili ugundue makosa yaliyomo sasa hivi, yarekebishwe kabla hayajazaa mengine.

Tarehe usizozikumbuka usizibuni. Tumia kalenda uliyoishi nayo: kabla ya mvua za masika, tulipokuwa tunavuna mahindi, wiki ya pili ya Ramadhani, mwanangu wa pili alikuwa hajatembea. Mtaalamu mzuri anaweza kufanya kazi na hayo, na ni ya kweli kuliko "tarehe 14" iliyokisiwa.

Kusanya cheti chochote cha hospitali, majina ya dawa unazotumia pamoja na za kienyeji, barua za shule za mtoto kama ni kesi ya taabu ya familia. Kaa na mtu mnayeishi naye umuulize kwa upole ameona nini kwako. Mara nyingi mwenye kiwewe hajui kwamba hupiga kelele usingizini. Anayelala chumba cha pili ndiye anayejua. Huyo anaweza kuandika barua yake.

Panga siku nzima iwe ya jambo hilo moja. Usiingie kazini usiku ule. Kula. Mtafutie mtoto mtu wa kumwangalia. Kama tathmini ni kwa video, kaa kwenye chumba kinachofungwa, vaa spika za masikioni, na kama unaishi na anayekutesa usifanyie nyumbani kamwe. Aliyeko kizuizini anaweza kupimwa kwa simu, video au kutembelewa. Wakili ndiye wa kuomba.

Hatua ya 6: Ndani ya chumba

Mahojiano huchukua saa mbili hadi nne, wakati mwingine kwa vikao viwili. Mtaalamu ataanza kwa kukueleza mipaka ya usiri: habari zako zitaandikwa kwenye ripoti, na akiona mtoto anadhurika au maisha ya mtu yako hatarini, sheria inaweza kumlazimu achukue hatua. Uliza usipoelewa.

Ataanza na utoto, wazazi, shule, afya kabla ya matatizo. Watu hukasirika hapo: "Nimekuja kueleza vita, ananiuliza habari za darasa la tatu." Anatafuta ulivyokuwa kabla, ili aone kilichobadilika.

Sasa, "hujambo". Mtaalamu anauliza hali, nasi midomo inajibu yenyewe: sijambo, nzuri, salama, tunamshukuru Mungu. Ni adabu tuliyonyonya na maziwa, mgonjwa mahututi naye husema "nzuri" kwanza. Kwenye ripoti itaandikwa kwamba mteja anasema anajisikia vizuri. Salimiana upendavyo, lakini maswali yakianza, jibu kama unavyomjibu mtu anayetaka kweli kujua.

Eleza kwa maneno yako mwenyewe. Usiseme "nina PTSD" kwa kuwa rafiki alikwambia. Sema kichwa kinawaka moto, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio nikiona sare, nawaza sana hadi chakula kinaungua jikoni, jinamizi linanikaba. Ukisema "presha", fafanua kama ni ile iliyopimwa hospitali au ni roho kupanda. Kama unaamini marehemu anakujia ndotoni, au ulipelekwa kwa mganga, au kusomewa dua, sema. Kitabu cha uchunguzi wanachotumia, toleo la tano, kina mahojiano maalumu ya maswali 16 kuhusu utamaduni na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyoelewa maradhi yake. Mtaalamu anahitaji kujua kwamba hayo ni mambo ambayo kijiji kizima kinayaamini.

Kutakuwa na dodoso. PHQ-9, ya kupima sonona, huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita tu. PCL-5, ya kupima kiwewe, huuliza mwezi mmoja uliopita, maswali 20. Shika kipindi hicho. Kama mwaka jana hukulala kabisa lakini wiki hizi unalala kidogo, sema hivyo hivyo. Ngazi za majibu zinatuchanganya, maana "mara kwa mara" kwetu ni kitu chochote. Hesabu siku: katika siku 14, ni ngapi?

Usiongeze. Najua kishawishi kilivyo, kesi imebeba maisha yako na kila mtu mtaani ana ushauri. Lakini mtaalamu huangalia kama dalili zinapatana zenyewe kwa zenyewe, na vipo vipimo vya kutambua anayekuza. Anayejibu "ndiyo, kila siku" kwa kila swali hudhoofisha hata lile la kweli. Usipunguze pia. Aliyevumilia miaka kumi anaweza kusema "kidogo tu" kwa jambo ambalo lingemlaza mwingine kitandani.

"Sikumbuki" ni jibu kamili. Ukizidiwa, omba mapumziko, maji, dirisha lifunguliwe. Ukilia hakuna ubaya, na usipolia pia hakuna ubaya. Kufa ganzi ni dalili inayojulikana.

Ataulizia kujiua. Hapa mkalimani awe makini, kwa kuwa "natamani ningekufa siku ile" na "nimepanga kujiua" ni mambo mawili. Sema lililo kweli. Kama ni la pili, atakusaidia siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Isome ripoti kabla haijapelekwa

Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Ripoti hufika ikiwa na kurasa kadhaa: sifa za mtaalamu, kisa chako, aliyoyaona, matokeo ya vipimo, ugonjwa alioutambua kama upo, na maoni yake. Waliofuata Mwongozo wa Istanbul hutumia ngazi za maneno, kuanzia "haiendani", "inaendana", "inaendana sana", "ni ya kawaida kwa jambo hilo", hadi ile inayosema dalili haziwezi kutokana na kitu kingine. Usishtuke ukikuta "inaendana sana" badala ya ngazi ya juu kabisa. Katika mambo ya akili, mtaalamu mwangalifu ni nadra kufika huko juu, na jaji humwamini kwa uangalifu huo.

Msomewe ninyi wawili, wewe na wakili, kwa Kiswahili, mkiwa na maelezo ya kiapo mezani. Angalia majina, umri, idadi ya watoto, saa, mkono wa kulia au wa kushoto, nani alikufa lini. Tangu sheria ya REAL ID ya mwaka 2005, jaji anaweza kutilia shaka ukweli wako kwa tofauti hata isiyogusa kiini cha kisa. Kosa la ukweli, ombeni lirekebishwe. Maoni ya kitabibu ni yake, msimwombe ayabadilishe. Akibadilisha kwa kuombwa, ripoti imekufa.

Na kama tofauti ni ya kweli, yaani ulisema hivi kwenye usaili wa kwanza na sasa vingine? Isizikwe. Mtaalamu aiandike na aeleze jinsi kiwewe kinavyovuruga mpangilio wa kumbukumbu, au jinsi mkalimani wa simu kule mpakani alivyokosea. Tofauti iliyoelezwa mapema ni nyepesi kuliko ile inayofichuliwa na wakili wa serikali.

Hakikisha kuna sahihi, namba ya leseni na wasifu wa mtaalamu. Ripoti ipelekwe kabla ya tarehe ya mwisho iliyowekwa na mahakama. Kwa usaili wa hifadhi wa USCIS kumbuka kwamba mkalimani unamleta mwenyewe. Mahakamani serikali ndiyo inayomleta. Kesi zinakaa miaka, nayo ripoti huchakaa: kama imepita mwaka au zaidi, wakili aombe nyongeza fupi inayoeleza hali yako ya sasa.

Hatua ya 8: Usiku wa siku ile, na baadaye

Nimewaona watu wakitoka chumbani wepesi, kisha wananipita kesho yake na macho mekundu. Kusimulia hufungua. Ndoto zinaweza kurudi kwa siku kadhaa. Usilale peke yako nyumba nzima kama unaweza kuepuka. Mwambie mtu mmoja tu, "leo nimeongea mambo mazito", hata kama hutamwambia mambo yenyewe. Mawazo ya kujidhuru yakikuzidi, piga 988, namba ya bure ya nchi nzima, saa zote. Sema neno "Swahili" kwa Kiingereza na ungoje, wanaweza kumuunganisha mkalimani.

Aliyekupima si mtibabu wako, na kwa kawaida hutamwona tena. Muulize kabla hujaondoka akuandikie mahali pa kupata matibabu, hasa vituo vya walioteswa au kliniki za jamii zinazopokea wasio na bima. Kutibiwa hakudhoofishi kesi. Kumbukumbu za kliniki huongeza ushahidi, na kwenye kesi ya mwaka mmoja zinaweza kuonyesha lini hasa ulianza kupata nafuu.

Ukipata mtibabu, unaweza kumpelekea nakala ya ripoti, lakini mwulize wakili kwanza ni ukurasa upi utoke. Huna haja ya kuanza upya kumsimulia kila kitu siku ya kwanza. Mpe karatasi, mwambie unalala saa ngapi, na muanzie hapo.